Herufi Zinazoshirikiwa na Maana: Uhakiki wa Dai la gl- na sn- katika Kiingereza

Katika mafunzo ya fasihi ya Kiingereza, na vilevile katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, hukutwa mara kwa mara dai kwamba sauti fulani huwa na maana yake yenyewe hata kabla haijaingia katika neno: kwamba s ni sauti ya nyoka na ya hila, m ni ya huzuni, na r ni ya ngurumo. Mwanafunzi huhesabu s zilizomo katika ubeti, akaandika kwamba mshairi amezitumia kuonyesha hila, naye akapewa alama. Dai hili halikuzuka katika mapokeo ya ushairi wa pwani, ambamo vina hutafutwa kwa ajili ya ulinganifu na wala haviulizwi vina maana gani vikiwa peke yao. Limekuja pamoja na mafunzo ya Kiingereza, na nguvu yake yote imo katika ukweli mmoja wa lugha hiyo usioweza kukanushwa, yaani kuwapo kwa makundi ya maneno yanayoshiriki herufi za mwanzo na kushiriki maana pia. Kwa hiyo halina budi kupimwa huko lilikotoka kabla ya kuhukumiwa huku.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa gl-. Kiingereza kina glow, mwanga tulivu kama wa kaa la moto; glitter, kumetameta; glimmer, mwanga hafifu unaotetemeka; glint, mmeto wa mara moja; glare, mwanga mkali unaoumiza macho; gloss, mng'ao wa kitu kilichosuguliwa kikalainika. Glance na glimpse ni mambo ya kutupa jicho. Mfano wa pili ni wa sn-: snout ni pua ya mnyama kama nguruwe, sniff ni kunusa kwa kuvuta pumzi, snore ni kukoroma, snuff ni ugoro, snot ni kamasi, na sneeze ni kupiga chafya. Anayeijua lugha hiyo, akiyasoma maneno haya mfululizo, huona kana kwamba gl ni jicho na sn ni pua.

Uoni wa namna hii ni mkongwe. Katika mjadala wa Plato uitwao Cratylus, Socrates anasema kwamba r yafaa kuonyesha mwendo, kwa kuwa ulimi hutikisika mno katika kuitamka, na kwamba l yafaa vitu laini na vyenye kuteleza. Wanaomtaja Socrates katika jambo hili aghalabu husahau kwamba baadaye, katika mjadala huo huo, analitilia shaka dai lake mwenyewe: neno la Kiyunani lenye maana ya ugumu lina l ndani yake, na bado Wayunani wanaelewana. Huko Uingereza, John Wallis, mtaalamu wa hesabu wa Oxford, aliandika kwa Kilatini sarufi ya Kiingereza iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1653. Wallis aliona nguvu katika str-, kama katika strong, strike na stretch, na kupinda katika wr-, kama katika wring, wrist na wrestle. Jina la kitaalamu lilikuja baadaye sana. J. R. Firth, katika kitabu chake Speech cha mwaka 1930, aliuita mfuatano wa sauti wa aina hii fonestimu. Yafaa ikumbukwe kwamba Firth, ambaye mwaka 1944 alishika kiti cha kwanza cha isimu ya jumla nchini Uingereza, hakudai kwamba sauti hizo zina maana kwa maumbile yake. Kwake yeye jambo lenyewe lilikuwa ni mazoea ya wasemaji. Wafuasi wengi wa neno lake wamelichukua jina wakaiacha tahadhari.

Leonard Bloomfield alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake Language cha mwaka 1933 aliichukulia mifuatano hii kuwa ni mofimu zijengazo mizizi ya maneno. Hapa ndipo dai linapoanza kuyumba. Mofimu hutambuliwa kwa kuwa neno likikatwa, kila kipande kinabaki na kazi yake. Mtu, watu, kitu na utu hukatika bila taabu, na -tu huonekana waziwazi kila mara. Glow likikatwa, hubaki -ow. Gleam, hubaki -eam. Ni kweli kwamba baadhi ya mabaki hayo yanarudi kwingine, kwani flare ni ndugu ya glare na shimmer ni ndugu ya glimmer, na Dwight Bolinger mwaka 1950 aliichunguza miisho hii kwa makini kuliko wote waliomtangulia. Lakini mengi hayarudi popote penye maana inayofanana. Isitoshe, Bloomfield mwenyewe alilazimika kuipa sn- maana tatu: ya pumzi, kama katika sniff, ya kunyakua au kukatika ghafula, kama katika snatch na snap, na ya kutambaa, kama katika snake na snail, yaani nyoka na konokono. Mofimu yenye maana tatu zisizokutana ni jina tu walilopewa maneno yaliyokusanywa. Na theluji, snow, haikupata nafasi katika maana yoyote kati ya hizo.

Katika gl- mambo ni yale yale. Glove ni glavu, glue ni gundi, gland ni tezi, na glutton ni mlafi. Hakuna hata moja linalong'aa. Gloom ni utusitusi na giza. Watetezi wa dai wana jibu kwa hili la mwisho: husema kwamba giza nalo ni habari ya mwanga, kwa kuwa ni ukosefu wake. Jibu hilo ni jepesi kupita kiasi. Dai ambalo glow inalithibitisha, na gloom inalithibitisha pia, haliwezi kushindwa na neno lolote, na dai lisiloweza kushindwa halifundishi chochote.

Hata hivyo lingekuwa kosa kulitupa jambo zima kwa sababu ya orodha ya maneno yanayopingana nalo. Historia ya neno sneeze inatosha kumzuia mhakiki mwenye pupa. Katika Kiingereza cha kale kitendo cha kupiga chafya kiliitwa fneosan, kwa fn na si kwa sn. Mfuatano fn ulikuwa ukififia katika lugha, na kufikia karne ya 15 umbo lenye sn lilikuwa limeshika mahali pake. Wako wanaoeleza kwamba kosa lilikuwa la macho: katika miandiko ya zamani s ndefu ilifanana mno na f, basi wasomaji wakasoma sn palipoandikwa fn. Huenda ikawa kweli kwa sehemu. Lakini kosa la macho pekee halielezi kwa nini wasemaji, ambao wengi wao hawakujua kusoma, walikubali kubadili jina la kitendo wanachokifanya kila siku. Neno lile lilipopoteza makao lilikuta nyumba ya pua imekwisha kujengwa, likakaribishwa humo.

Glance nalo lina safari yake. Katika karne ya 15 lilieleza silaha iliyogonga ngao ikateleza kando bila kuchoma, nalo hudhaniwa kuwa lina uhusiano na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kuteleza. Maana ya kutupa jicho ilikuja baadaye, baada ya neno kukaa muda mrefu karibu na glint na wenziwe. Kinyume chake ni glad, ambalo leo maana yake ni furaha. Zamani liliweza kueleza kitu kinachong'aa. Limetoka katika kundi, na herufi zake hazikuweza kulizuia. Hapana shaka kwamba baadhi ya maneno ya gl- ni ndugu wa damu, kwani wanahistoria wa lugha huyarudisha glow na gleam kwenye mzizi mmoja wa kale sana wenye maana ya kung'aa, ambao pia umezaa gold na yellow, maneno ya dhahabu na rangi ya manjano. Lakini wengine katika kundi hilo ni ndugu wa kuchanjiana. Hawakuzaliwa pamoja, waliishi jirani, wakafanana kwa sauti, mpaka mmoja akamvuta mwenziwe katika maana yake.

Kwamba mvuto huo umo katika fikira za wasemaji hadi leo kumeonyeshwa kwa majaribio. Mwaka 2004 Benjamin Bergen alichapisha katika jarida la Language utafiti ambamo wasemaji wa Kiingereza walilitambua neno upesi zaidi walipotanguliziwa jingine lenye fonestimu ile ile, kuliko walipotanguliziwa neno la kufanana nalo kwa umbo tu au kwa maana tu. Matokeo haya yanamuunga mkono Firth, wala si wale wanaosema kwamba mng'ao umo ndani ya g na l. Ingekuwa maumbile, yangeonekana katika lugha nyingine. Kiswahili kina pua, nusa, chafya, kamasi na ugoro, na hakuna sauti moja inayoyaunganisha maneno hayo. Kukoroma na snore yote mawili yanaiga mlio wa aliyelala, lakini kuiga mlio ni jambo jingine. Kuhusu gl-, Kiswahili kimepokea glasi, ambayo wengi huitamka gilasi na hivyo kuuvunja mfuatano wenyewe, na katika Tanzania hutumika glopu, taa ya umeme ya kioo. Mtafutaji wa mwanga atafurahi kuiona glopu. Bahati mbaya imetokana na globe, ambalo maana yake ni tufe.

Kiswahili chenyewe kina namna zake za kushirikisha herufi na maana, nazo ni tofauti. Katibu, kitabu, maktaba na mkutubi yanashiriki k, t na b kwa sababu Kiarabu hujenga maneno kwa konsonanti za mzizi. Hatibu na hotuba ni za mzizi mwingine, ingawa katibu na hatibu yanakaribiana sana masikioni. Hiyo ni kanuni ya sarufi ya Kiarabu, si mvuto wa ujirani. Kilicho karibu zaidi na sneeze ni kile kilichompata kitabu baada ya kufika pwani: ki- yake ilikuwa sehemu ya mzizi, lakini ilikuta jamii ya kisu na kiti imekwisha kujengwa, ndipo likazaliwa vitabu. Viigizi navyo, kama vile nyeupe pe, giza totoro, kimya jii na lala fofofo, vina nguvu kubwa, lakini kila kimoja kimefungwa kwa mwenziwe. Pe haipeleki weupe wowote katika pete wala katika pera.

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili anayehesabu herufi ana tatizo ambalo mwenzake wa Kiingereza hana. Katika Kiingereza, mshairi anayerudia konsonanti ya mwanzo kwa kawaida amechagua maneno hayo na kuyaacha mengine. Katika Kiswahili sentensi ya kawaida kabisa, mathalani Vitabu vile viwili vizuri vimepotea, ina v tano mwanzoni mwa maneno matano, na hakuna aliyezichagua. Aliyesema alichagua kitabu na wingi wake. Upatanisho wa kisarufi ukaleta zilizobaki. Ubeti wenye m nyingi juu ya maziko huenda una m hizo kwa sababu maiti, mazishi, mti na mtu zinaanza hivyo kwa ngeli zake au kwa bahati tu, na utenzi wa harusi wenye mume, mke na mahari utakuwa nazo nyingi vivyo hivyo. Kabla ya kutaja huzuni, mhakiki angepaswa kuzitoa kwanza herufi zote zilizodaiwa na sarufi, kisha akaangalia zilizosalia ni ngapi, na kama neno jingine lenye maana ile ile lilikuwapo ambalo mshairi angeweza kulitumia naye akaliacha.