Viunganishi si pambo la insha

Majuzi nilisoma insha za wanafunzi wa Gredi ya Sita kutoka Mukuyuni, Kaunti ya Makueni. Mada ilikuwa namna ya kuandaa muthokoi, chakula ambacho mtoto wa Ukambani hahitaji kuelezwa. Mmoja aliandika: ‘Nyunyizia mahindi maji. Fauka ya hayo, yatwange. Isitoshe, yapepete.’

‘Fauka ya hayo’ na ‘isitoshe’ huongeza hoja juu ya hoja, havipangi hatua. Asiyewahi kuona kinu atadhani kwamba unaweza kupepeta kabla ya kutwanga. Yaliyofaa hapo ni ‘kwanza’, ‘kisha’ na ‘baada ya hapo’.

Simlaumu mtoto. Amekaririshwa orodha ya viunganishi ‘vizito’ kutoka vitabu vya marudio ili apate alama, bila kuambiwa kila kimoja kina kazi gani. Ndiyo maana tunasikia, hata redioni, ‘Aidha uje leo au kesho.’ Hiyo ni athari ya neno la Kiingereza linalokaribiana nalo kimatamshi. ‘Aidha’ lina asili ya Kiarabu na maana yake ni ‘pia’ au ‘vilevile’. Sahihi ni ‘Ama uje leo au kesho.’ Nalo ‘bali’ hutiwa ovyo mahali pa ‘lakini’, ilhali kazi yake ni kusahihisha kilichokanushwa: ‘Hakupika wali, bali muthokoi.’

Walimu wengine husahau pia kwamba Kiswahili hupanga matukio ndani ya kitenzi chenyewe. ‘Alitwanga mahindi, akayapepeta, akayapika’ ni sentensi iliyojitosheleza. Ukiichomeka ‘halafu’ kila baada ya kitenzi, unaichosha bure.

Mwalimu afanyeje basi? Aandike hatua za upishi kwenye vipande vya karatasi, avichanganye, kisha makundi yavipange upya, yateue viunganishi na kueleza kwa nini yameviteua. Kikamba nacho kisifukuzwe darasani. Mtoto tayari anajua kwamba ‘indi’ hupinga na ‘nundu’ hutoa sababu. Aulizwe tu ni maneno gani ya Kiswahili hufanya kazi hizo.

Jambo hili halihusu mtihani pekee. Mgonjwa anayemwambia daktari ‘Nilikula embe, kisha nikaharisha’ hasemi sawa na anayesema ‘Niliharisha, kisha nikala embe.’ Maneno ni yale yale, ila matibabu huenda yakawa mengine.