Kukata jeni si kuelewa

Wandugu, tusipige makofi haraka. Mtafiti anakata jeni ya mikroRNA moja, seli za kinga zinalegea, njo anaandika kwamba amejua kazi yake. Hapana! MikroRNA moja, kipande kifupi hivi cha RNA, inaweza kutuliza mamia ya jeni. Ni kama kuondoa direkta wa shule: darasa la sita linafeli, lakini hujui juu ya nini.

Tuangalie miR-155. Mwaka 2007 panya wasio nayo walionekana na kinga dhaifu. Sawa, lakini kupitia jeni gani? Mwaka 2008 watafiti waliiacha miR-155 salama, wakabadilisha tu pale inaposhika ujumbe wa AID, protini inayosaidia seli B kunoa kingamwili. AID ikapanda, kingamwili zikashindwa kukomaa vizuri. Hapo tuko na jibu lenye jina. Tena CRISPR ilikuwa bado. Kama mkasi wa maabara ilitambulishwa 2012.

Leo mkasi umekuwa rahisi, swali bado ni gumu. Wewe unayetayarisha TFC, mbele ya kusifu mkasi, uliza: walikata wapi?