Weusi Una Ngazi Zake

Ukitaka kujua jarida linawaheshimu watu wake kiasi gani, usianze na tahariri. Tazama nyuso. Hapa Magomeni, Kilosa, yananifikia majarida ya vijana wenzetu, na mara nyingi mshairi pichani hana pua wala mashavu: macho na meno yanaelea gizani. Utasikia, "Si ndivyo alivyo, mweusi!" Hapana bwana. Hilo ni kosa la uchapaji, tena lina sababu.

Skrini hutoa mwanga, karatasi hunywa wino. Weusi wa karatasi ya gazeti haufikii ule wa skrini. Profaili ya rangi kazi yake ni kutafsiri: ngazi zote za giza zibanwe ziingie katika nafasi finyu ya karatasi, pasipo kuzikata zile za chini. Ukilipa gazeti profaili ya karatasi ya kung'aa, wino unazidi na ngazi za chini zinagandana. Hapo wapo mafundi wanaoongeza mwanga tu, uso ukawa kijivu kama majivu. Tiba gani hiyo?

Ugonjwa wenyewe ni wa siku nyingi. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha za rangi zilipima kazi zao kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha wote. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990!

Linganisheni na picha za Ranchhod Oza, wa Capital Art Studio iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930. Nyeusi na nyeupe tupu, lakini ndani ya giza bado unamwona mtu. Hiyo ndiyo kontrasti ninayoitaka: giza liwe giza, na uso ubaki uso.

Nasi waandishi tusijitoe. Kila mhusika "mweusi kama mkaa"? Huko nako ni kukata ngazi. Lugha iliyotupa "maji ya kunde" haina umaskini huo.

Kwa hiyo, wahariri, kabla ya kuchapa nakala zote ombeni moja ya majaribio, kwenye karatasi ileile. Itazameni mchana, karibu na dirisha. Pua haionekani? Irudisheni kwa fundi.