Kipenga Kilipulizwa Mapema

Pfizer waliijaribu tremelimumab, kingamwili inayoziba CTLA-4, breki ya seli T za kinga, wakiishindanisha na tibakemia. Kingamwili ilitengenezwa vizuri, wagonjwa 655 wa melanoma, saratani ya ngozi, wakagawanywa kwa kura, na kigezo kikuu, urefu wa maisha, ndicho kilichostahili. Sifa zinaishia hapo.

Mwaka 2008 tathmini ya pili ya katikati ikaonyesha kwamba dawa haina tena matumaini ya kuipita tibakemia. Utafiti ukasimamishwa. Hapo ndipo walipoharibu. Hesabu zenyewe zilikuwa sawa, na ndiyo maana jambo hili linaniudhi hadi leo: walikosea saa. Waliipa kinga ratiba ya sumu. Tibakemia huua seli yenyewe, na baada ya wiki chache picha inakwambia imefanya kazi au la. Kuziba CTLA-4 hakuui chochote. Kunaachia breki ya seli T, kisha seli hizo zizaliane, zisafiri, ziingie kwenye uvimbe, ambao huenda ukafura kwanza kwa wingi wa wageni. Mistari miwili ya grafu hufuatana kwa miezi mingi kabla haijaachana. Faida yote imekaa mkiani, na wao walihukumu kabla mkia haujaota.

Matokeo kamili yakachapishwa 2013: nusu ya wagonjwa wa tremelimumab waliishi zaidi ya miezi 12.6, dhidi ya 10.7 kwa tibakemia, pengo lisilotosha kitakwimu. Sawa. Lakini watazameni wale ambao uvimbe wao ulinywea. Idadi yao ilikaribiana pande zote mbili, ila nafuu ya tibakemia ilidumu miezi 13.7, ya tremelimumab 35.8. Tena baadhi ya wagonjwa wa tibakemia walikuja kupewa ipilimumab, dawa nyingine inayoziba CTLA-4, ndugu wa damu wa ile iliyokuwa ikishindanishwa na tibakemia! Watetezi wa uamuzi ule hilo hulipita kimya.

Subira hii ilishaonyeshwa maabara.  Berkeley, Krismasi ya 1994, mwanasayansi James Allison, anayejaribu kuziba CTLA-4, anapima uvimbe wa panya kwa mkono wake bila kujua yupi kapewa nini, na uvimbe unakua kwa wote. Mtu mwenye haraka angefunga vizimba akaenda kula sikukuu. Yeye akaendelea kupima, hadi kwa baadhi yao uvimbe ukasimama, kisha ukanywea. Panya walishatoa ushahidi miaka 14 kabla ya uamuzi ule wa 2008. Na daktari William Coley, aliyeanza mwaka 1891 kuwadunga wagonjwa wa saratani bakteria ili kuamsha kinga, hakuwa na haraka hii.

Wenzao wa ipilimumab walibadili kigezo kikuu, kutoka kunywea kwa uvimbe kwenda urefu wa maisha, wakavumilia. Machi 2011 Marekani ikawapa kibali.

Tremelimumab ikahamia AstraZeneca. Iliidhinishwa Marekani Oktoba 2022, kwa saratani ya ini, ikiambatana na kingamwili nyingine, durvalumab: miligramu 300, mara moja tu mwanzoni, kisha seli T zinaachiwa muda wao.