Mwembe na Embe kwa Kifaransa

Mtu wa Tabora akianza Kifaransa huambiwa mapema kwamba kila nomino ina jinsia, ya kiume au ya kike, na kivumishi lazima kiifuate. Hapo hushika kichwa: meza nayo ni mwanamke? Mimi nalilaumu neno "jinsia". Mwambie ni ngeli, tena mbili tu, uone anavyopumua. Aliyekua na Kinyamwezi nyumbani na Kiswahili sokoni, akasema kisu kizuri na nyumba nzuri kabla hajaingia shule, upatanisho anao tayari.

Mfano wa kuanzia uko njiani, kwenye miembe ya njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji. Sisi hutenga mti na tunda: mwembe mzuri, embe zuri. Kifaransa vilevile: un beau manguier, une belle mangue. Mchungwa je? Un bel oranger. Tunda lake, une belle orange. (Limau, citron, limekataa: ni la kiume kama mlimau wake.) Hiyo bel imeletwa na irabu inayofuata, kama irabu inavyotufanya tuseme kitambaa cheupe, si "kieupe". Wingi wake: de beaux manguiers, de belles mangues.

Wamisionari wa Afrika, shirika la Mfaransa Lavigerie, walipofika Tabora mwaka 1878 waliupanda mlima huu kwa upande wa pili: walizoea ngeli mbili, wakakuta zaidi ya kumi.

Kinachomtesa Mswahili hasa ni sikio. Alama yetu hukaa mwanzoni mwa neno na husikika. Yao hukaa mkiani, mara nyingi kimya. Joli, jolie, jolis, jolies: zote nne hutamkwa sawasawa. Ndiyo maana anayejifunza kwa kusikiliza tu huongea vizuri, akaanguka kwenye imla. Dawa ni kukariri nomino pamoja na un au une yake, na kuandika kila siku.

Mtego mwingine ni viumbe hai. Sisi husema kiboko mkubwa, si "kikubwa", kwa kuwa ana uhai. Kifaransa hakijali: mlinzi mwenye ndevu ni une sentinelle attentive, kike mwanzo mwisho.

Rangi ya marron, iliyotokana na jina la tunda, haibadiliki: des yeux marron. Hilo halihitaji somo refu kwa anayesema shati la kahawia, mashati ya kahawia.