Kicheko cha Mkimbizi Aliyejigeuza: Filamu ya Some Like It Hot Mbele ya Tajiriba ya Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Futuhi zinazohusu wakimbizi waliojigeuza sura hutegemea sharti ambalo wahakiki wengi hulipita bila kulitaja: hadhira huwa na hakika kwamba siku sura ya kweli itakapofichuka, aliyefichuliwa atabaki hai. Makala hii inaihakiki filamu ya Some Like It Hot (1959) kwa kuilinganisha na tajiriba ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, ambako hakika hiyo imevunjika tangu mwaka 2017. Makala inadai kwamba wanaopanga shughuli za utamaduni kwa watu waliohamishwa na vita wanapaswa kuuliza kwanza ni maleba ya nani yanayochekwa.

1.0 Utangulizi

Kiswahili hutofautisha mtoro na mkimbizi. Mtoro amekwepa wajibu au mkono wa sheria. Mkimbizi ameikimbia hatari. Katika filamu iliyoongozwa na Billy Wilder, Joe (Tony Curtis) na Jerry (Jack Lemmon) ni wakimbizi kwa maana hiyo ya pili. Wanamuziki hawa wawili wasio na fedha wanashuhudia mauaji ya magenge mjini Chicago mwaka 1929. Kwa kuwa wauaji wamewaona, wanavaa nguo za wanawake, wanajiita Josephine na Daphne, na kujiunga na bendi ya wanawake inayosafiri kwa treni kwenda Florida.

Filamu hii inahesabiwa miongoni mwa futuhi bora za karne ya 20, na uhakiki wake umejikita zaidi katika jinsia. Suala la ukimbizi wenyewe limebaki pembeni, likichukuliwa kuwa kisingizio tu cha kuanzishia mchezo. Msomaji anayeifahamu Palma au Mocímboa da Praia hawezi kulipita suala hilo kwa wepesi huo.

2.0 Namna kicheko kinavyojengwa

Msingi wa ucheshi wa filamu ni kinaya cha kitamthilia: hadhira inajua wasichokijua wahusika. Mtazamaji anajua kwamba Daphne ni Jerry; Osgood, tajiri anayemposa, hajui. Pengo hilo la maarifa ndilo linaloleta kicheko kila kiatu cha kisigino kirefu kinapoteleza na kila sauti nzito inapotaka kuponyoka.

Pengo hilo lina masharti matatu. Kwanza, mtazamaji awe upande wa anayejificha. Pili, anayewinda atambulike bila shaka: Spats Colombo na genge lake hawajifichi, hata mavazi yao nadhifu yanawatangaza. Tatu, kufichuka kuwe aibu kabla ya kuwa kifo. Wilder anaiacha hatari ya bunduki iwepo mwanzoni na karibu na mwisho, lakini sehemu kubwa ya katikati imejaa hofu ndogondogo: wigi litavuka, ndevu zitachomoza, mposaji atagundua. Kwa ustadi huo hofu ya kufa inageuzwa kuwa hofu ya kuaibika, na hadhira inapata nafasi ya kucheka.

3.0 Sare iliyovaliwa na muuaji

Wilder aliyachota mauaji ya filamu yake kutoka tukio la kihistoria. Tarehe 14 Februari 1929, watu saba waliuawa katika gereji moja mjini Chicago, na baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Kwa hiyo waliojigeuza sura wa kwanza katika kisa hiki, kihistoria, ni wauaji, na vazi walilolichagua ni la dola. Kicheko cha filamu hakikujengwa juu ya sare hizo. Kilihamishiwa kwa mashahidi wawili waliovaa sketi.

Katika Cabo Delgado, uhamisho huo ni mgumu kukubalika. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017, na hasa baada ya mji huo kutekwa Agosti 2020 na Palma kushambuliwa Machi 2021, wakazi wamelazimika kujiuliza swali ambalo watazamaji wa Wilder hawakuulizwa: huyu aliyevaa sare ni nani? Septemba 2020 ilisambaa video iliyoonyesha watu wenye sare za jeshi wakimuua mwanamke asiye na silaha katika eneo la Awasse. Shirika la Amnesty International lilihitimisha kwamba wauaji ni askari wa jeshi la Msumbiji. Upande wa serikali ulilikataa hitimisho hilo, na hoja kwamba waasi hujivika sare za jeshi ilikuwa imekwisha kutolewa na maafisa wake. Makala hii haina kazi ya kuamua shauri hilo. Inachobainisha ni kwamba mabishano yenyewe yalikuwa juu ya maleba, na kwamba mwanakijiji aliyekutana na sare barabarani hakuwa na njia ya kuyaamua.

Hapo sharti la pili na la tatu yanaanguka kwa pamoja. Anayewinda hatambuliki, na kukosea kumtambua ni kifo. Kinaya cha kitamthilia nacho kinapinduka: mkimbizi ndiye asiyejua, na mwenye silaha ndiye anayejua.

4.0 Kicheko cha wenyeji

Haifuati kwamba watu wa jimbo hili hawana sanaa ya kuchekea aliyejigeuza. Ngoma ya mapiko ya Wamakonde imeshughulika na jambo hilo kwa vizazi vingi. Mchezaji hufunika kichwa chote kwa kinyago na mwili wote kwa nguo, na utambulisho wake hulindwa na siri ya jando. Vinyago hivyo viliwasawiri pia wakoloni na watu wengine wenye madaraka, wakachekwa hadharani.

Mfano ulio karibu zaidi na sinema ni Mueda, Memória e Massacre (1979) ya Ruy Guerra. Filamu hiyo inarekodi igizo la wakazi wa Mueda kuhusu mauaji ya tarehe 16 Juni 1960, pale askari wa Kireno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya utawala. Waafrika ndio wanaoigiza nafasi za maafisa wa Kireno, na wanaziigiza kwa kejeli: ukali wa msimamizi unatiwa chumvi mpaka unakuwa kichekesho, huku kila mtazamaji akijua kwamba mwisho wa kichekesho hicho ni damu.

Tofauti na Wilder iko wazi. Wilder anamvika mnyonge maleba na kumchekea anavyohangaika ndani yake. Igizo la Mueda linamvisha mnyonge maleba ya mwenye nguvu, na kicheko kinaiangukia sare. Halikuhitaji kuisahau hatari ili lichekeshe.

5.0 Mashua ya mwisho

Hata hivyo, Some Like It Hot ina jambo moja ambalo igizo la Mueda halina, nalo limo katika tukio lake la mwisho. Wakimbizi wanatoroka kwa boti ya Osgood. Jerry anatoa sababu moja baada ya nyingine za kutoweza kuolewa, kisha anavua wigi na kukiri kuwa ni mwanamume. Osgood hashtuki wala habadili msimamo. Mpokeaji amemkubali aliyekimbia bila kumdai uthibitisho.

Mwaka 2020, mashua zilizojaa watu kutoka wilaya za kaskazini zilitia nanga katika ufuko wa Paquitequete, Pemba. Kufikia mwaka 2022 idadi ya waliohama makazi yao jimboni ilikaribia milioni moja, na wengi walikuwa wamepoteza vitambulisho. Kwa baadhi ya wasemaji wa Kimwani, lugha yenyewe iligeuka ushahidi dhidi yao, kwa kuwa ilihusishwa na waasi. Hao hawakujigeuza, walishukiwa kuwa wamejigeuza. Kwa mtu wa namna hiyo, utulivu wa Osgood ndiyo sehemu ya filamu yenye uzito kuliko zote, ingawa wahakiki wameuchukulia kama mzaha wa kufungia pazia.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi huu unaleta mapendekezo matatu. Kwanza, taasisi zinazoonyesha filamu katika makazi ya waliohamishwa zisizipige marufuku futuhi za kujigeuza, lakini zianze na zile zinazoelekeza kicheko kwenye sare na cheo. Pili, filamu za kigeni zisimuliwe kwa Kiswahili, Kimwani, Kimakonde na Kimakhuwa na msimulizi aliye mbele ya hadhira, kwa mtindo uliomfanya Lufufu ajulikane Tanzania. Msimulizi wa aina hiyo anaweza kuusogeza mkazo wa kicheko pale anapoona nyuso zimebadilika. Tatu, watafiti wa fasihi na filamu washirikishwe katika mijadala ya utambuzi wa watu wasio na vitambulisho. Afisa anayemwandikisha mkimbizi hufanya kazi ya kusoma mavazi, lafudhi na simulizi, na makosa ya usomaji huo hulipwa na aliyesomwa.