Kiroboto na Kipepeo: Njia Mbili za Kumheshimu Mdudu

Mdudu hudharauliwa kwa sababu ya udogo wake. Jicho humpita, mkono humponda, na ulimi hulifanya jina lake kuwa tusi. Katika karne ya 17 walitokea Ulaya wachoraji wawili waliojaribu kuiondoa dharau hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Kazi zao zastahili kupimwa kwa mizani moja, kwani zote mbili zilidai kusema kweli.

Wa kwanza ni Robert Hooke, Mwingereza, aliyetoa kitabu kiitwacho Micrographia mjini London mwaka 1665. Kiroboto, ambaye urefu wake ni milimita chache tu, alimchora kwa msaada wa hadubini katika karatasi ya kukunjuliwa yenye upana wa kama sentimita 45. Mtazamaji huona magamba yaliyopandana kama vigae vya paa, vinyweleo vilivyopangika, na miguu iliyoumbwa kwa kuruka. Adui wa kitandani amekuwa jengo la kustaajabisha, na bila ya ukuzaji huo maumbile yake yangalibaki fumbo. Walakini kiroboto huyo hana mahali. Hakai juu ya mbwa wala juu ya mtu. Hazaliwi, hali, wala hafi. Amepewa ukubwa, amenyimwa maisha.

Wa pili ni Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alisafiri pamoja na binti yake mdogo hadi Surinam, koloni la Waholanzi katika Amerika ya Kusini. Maradhi yalimrudisha mwaka 1701, na mwaka 1705 alitoa mjini Amsterdam kitabu chenye picha 60. Aghalabu aliweka katika ukurasa mmoja kiwavi, ganda ambamo kiwavi hulala akageuka, na kipepeo, pamoja na mmea uliohusiana nao. Nyakati zisizokutana katika maumbile zimekutana karatasini. Kwa kipimo cha jicho hilo si kweli. Kwa kipimo cha akili ni kweli iliyo kubwa zaidi, maana mtazamaji hufahamu kwamba kiwavi na kipepeo si viumbe wawili, bali ni uhai mmoja.

Kizuri hakikosi ila. Merian aliandika kwamba mdudu mmoja wa kichwa kirefu hutoa nuru usiku, na imethibitika kwamba hatoi. Kwa upande mwingine, picha yake ya buibui mkubwa akila ndege juu ya tawi la mpera ilidhihakiwa katika karne ya 19, hata Henry Walter Bates alipochapisha mwaka 1863 habari za buibui aliyemkuta Brazil juu ya ndege aliyemwua. Basi mhakiki asiikatae picha kwa kuwa ni ya ajabu, wala asiisadiki kwa kuwa ni nzuri.

Ila iliyo nzito zaidi haimo katika mchoro. Merian mwenyewe aliandika kwamba watumwa walimfyekea njia msituni, na kwamba baadhi ya wadudu aliletewa nao. Katika maelezo ya mmea mmoja alisimulia jinsi wanawake watumwa walivyotumia mbegu zake kuharibu mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Hapo huzuni yao yasikika, lakini majina yao hayasikiki. Kiwavi ameandikiwa chakula chake na siku za kugeuka kwake. Mtu aliyemleta hakuandikiwa hata jina.

Kwa hiyo kazi ya Merian yafaa kutangulizwa mbele ya kazi ya Hooke, kwa sababu imemrudishia mdudu makazi na umri wake. Kipimo hichohicho, cha kuuliza kiumbe aishi wapi na pamoja na nani, ndicho kinachofunua upungufu wa kitabu chake.